Boksi la majaribio ya kuyeyuka na kuganda: vifaa vizuri, kadi ni majanga

Naulizwa sana kuhusu hili boksi la watoto, lile limeandikwa la miaka 4 mpaka 7, haya naandika mara moja ili nisirudierudie. Vifaa vyake ni vizuri mno. Kadi za maelezo ziweke pembeni, ikibidi zifiche kabisa.

Ndani kuna trei ya silikoni yenye mfuniko, sahani mbili ndogo moja ya alumini moja ya plastiki, kitambaa kizito, kipimajoto, vidonge vya nta vya rangi na hizo kadi. Trei haina neno, unaikunja kidogo barafu inatoka bila kugongagonga.

Sasa hizo sahani mbili ndo zimelibeba boksi zima aisee. Mwambie mtoto azishike zote, atakwambia ya alumini ndo ya baridi, halafu muulize barafu itadumu zaidi juu ya ipi, atakwambia alumini bila kufikiria mara mbili (na watu wazima wanajibu hivohivo, jaribu uone). Weka vipande viwili vinavyolingana. Ile ya kwenye alumini inaanza kutoa maji papo hapo, inateleza yenyewe, wakati ya kwenye plastiki hata habari haina. Hapo ndo kelele zinaanza, mama umetudanganya, umeipasha moto! Wala, zote zilikuwa mezani na joto lao ni lilelile, ila alumini inapitisha joto haraka, ukiishika inanyonya joto la mkono wako ndo maana unasikia baridi, ukiiwekea barafu inaipelekea joto mbiombio. Mtoto wa miaka 5 hawezi kubeba yote hayo, atabeba tu kwamba joto limeingia kwenye barafu na barafu ikawa maji, na kwa umri wake hiyo inatosha kabisa.

Kitambaa nacho hivohivo, wanaamini kinapasha moto kwahiyo barafu ukiifunga itaisha haraka, kumbe ukifungua unaikuta kubwa kuliko ile iliyoachwa wazi. Kinachelewesha tu joto la nje kuingia.

Kadi sasa. Zina vitone vya maji vyenye macho na mikono, kwenye barafu vimeshikana vimetulia, kwenye maji vimeachiana vinazurura, mpaka hapo safi. Kadi inayofuata barafu inalia, halafu haipo, limebaki dimbwi. Yaani mtu alikaa akachora hii akaona iko sawa?? Mwanangu mdogo alilia kweli, ikabidi maji yaleyale tuyarudishe kwenye trei, kwenye friza, baadae akatolewa barafu yake. Alifurahi ajabu. Na hicho ndo kitu cha kumfundisha kuliko vyote, kwamba inaenda na kurudi, toa joto inaganda, rudisha joto inayeyuka, maji ni yaleyale, na hakuna kadi hata moja inayoonyesha hivo. Nyingine eti inaweka sukari ndani ya kikombe cha maji kama mfano sawa na barafu. Sio kitu kimoja, barafu inahitaji joto tu, sukari pale imehitaji maji, bila maji itakaa hapo mezani mpaka mchoke.

Kipimajoto namba zake ni ndogo mno, kwa wa miaka 4 achana nacho. Mkubwa kidogo akikizamisha kwenye barafu iliyopondwa yenye maji huku anakoroga, kitabaki palepale kwenye nyuzi 0 mpaka barafu ikaribie kuisha, na hiyo inawashangaza.

Kijitabu kinasema jaza trei mpaka juu. Usijaze, maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kama asilimia 9 hivi, wa kwangu mfuniko umeshabinuka.

Nta ni kazi ya mtu mzima. Bakuli ndani ya maji ya moto sana linatosha, nta ya mshumaa inayeyuka kwenye nyuzi 50 na kitu au 60 na kitu, halafu ukiitoa inaganda palepale mezani bila friza wala nini, na watoto ndo wanagundua kuganda sio lazima kuwe na baridi, kila kitu kina nyuzi zake. Inayobaki isimwagwe kwenye sinki tu, itagandia ndani ya bomba.