Uzoefu wangu: masta ya chini mpya kwenye klachi ya mafuta ya pikipiki

Klachi ya mafuta ikiwa nzima huwezi hata kuikumbuka. Ukibana liva, silinda ya usukani (masta ya juu) inasukuma mafuta kupitia paipu hadi silinda ya kwenye injini (masta ya chini), ambayo pistoni yake inasukuma fimbo ya kufungua pleti. Hakuna kebo ya kukaza wala ya kukukatikia porini. Pleti zikilika, pistoni ya chini inarudi nyuma kidogo, mafuta yanapanda kwenye kikopo cha juu, na liva inaendelea kushika palepale. Shida inakuja pale raba moja ndogo inapochoka. Hapo pikipiki ya mamilioni inashindwa kuingia gia.

Ya kwangu ni pikipiki ya safari ndefu, injini ya V yenye mitungi miwili, cc 1000, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Asubuhi klachi ilikuwa nzuri kabisa. Nikishaingia kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar, katikati ya malori yanayotoka bandarini, jua likiwa kali na feni ya rejeta ikilia mfululizo, liva inaanza kulainika. Mahali klachi inaposhika panasogea taratibu hadi karibu na hendeli. Kisha nyutro haipatikani. Kisha, liva ikiwa imebanwa mpaka mwisho, pikipiki bado inataka kusogea mbele, na ukilazimisha gia inazima. Ukipampu liva mara mbili tatu, inarudi kwa muda.

Hiyo dalili ya kupampu ni muhimu sana kwa anayesoma hapa akiwa na tatizo kama langu. Klachi inayorudi ukiipampu ina upepo ndani au raba inayopitisha mafuta. Pleti haziponi kwa kupampiwa liva. Na kama klachi yako inateleza, yaani injini inapanda mzunguko lakini mwendo hauongezeki, usikimbilie masta ya chini. Angalia pleti, springi na oili ya injini, halafu fungua kikopo cha juu uangalie kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta. Kikiziba uchafu, mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, na yanaisukuma klachi ifunguke kidogo bila wewe kugusa liva. Tatizo hilo halitaki kifaa kipya, linataka usafi tu.

Kwangu mafuta ya kikopo yalikuwa meusi, na nyuma ya kava la sproketi ya mbele rangi ilikuwa imeanza kubanduka. Klachi hii inatumia mafuta ya breki, nayo hula rangi, kwa hiyo alama ile ilitosha kuonyesha kwamba yanavuja.

Mafundi wengi wa mtaani kwetu wanaishi kwa Boxer na TVS, ambazo klachi zake ni za kebo. Ni mafundi wazuri, ila kifaa hiki hawakutani nacho. Aliyenisaidia ni fundi wa Canter. Alitazama chini ya kava, akapitisha kidole, akanusa, akasema, "Kaka, hii ni masta ya juu na masta ya chini kama ya gari. Ya juu ni nzima. Ya chini imekwisha." Yeye maisha yake yote anafungua klachi za mafuta, tofauti ni ukubwa tu. Kama unaishi mkoani na huna fundi wa pikipiki kubwa, nenda kwa watu wa Canter kabla hujasafirisha pikipiki kwenda popote.

Tulipoifungua tuliona ndani ya silinda vishimo vyeupe, kutu ya aluminiamu. Hapa ningependa kueleza vizuri, kwa sababu nasikia watu wakilaumu joto peke yake. Mafuta haya ya breki, ya daraja la DOT 4, hunyonya unyevu wa hewa. Yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi joto 230, yakishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. Kwenye breki hilo ni jambo la kufa na kupona. Kwenye klachi, kwa maoni yangu, kuchemka si adui wa kwanza. Adui ni yale maji yenyewe, ambayo yanatuama kwenye silinda ya chini na kuichimba. Ongeza hewa ya bahari ya Dar, tope la masika na grisi inayorushwa na cheni sentimita chache kutoka hapo, na utaelewa kwa nini kifaa hiki kinakufa. Mtengenezaji amekiweka mahali pachafu kuliko pote kwenye pikipiki, halafu akakipa raba moja.

Raba mpya tuliweka. Ilifanya kazi, kisha ikaanza kuvuja tena, kama fundi alivyosema ingefanya. Raba mpya ikipita juu ya vishimo inachanika. Ukitia kidole ndani ya silinda ukahisi mikwaruzo, hela ya raba weka akiba.

Ndipo nikaagiza masta ya chini ya kisasa, ya karakana moja ndogo ya Uingereza inayotengeneza vifaa vya aina hii. Jina siliweki kwa sababu kila pikipiki ina yake, na cha muhimu ni sifa za kuangalia. Ya kwangu imechongwa kwa mashine kutoka bonge la aluminiamu badala ya kusubiwa. Ndani imetiwa ugumu kwa umeme ili kutu isipate pa kuanzia. Pistoni ina raba mbili: ya ndani inashika mafuta, ya nje inazuia vumbi na maji ya cheni. Hiyo raba ya nje ndiyo iliyonifanya nitoe pesa.

Sifa wanayoitangaza zaidi wauzaji ni nyingine, kwamba liva itakuwa nyepesi. Ni kweli, lakini ielewe kabla hujanunua. Silinda ya zamani ilikuwa na kipenyo cha mm 28, mpya ni mm 30. Nguvu inafuata eneo, na eneo linafuata mraba wa kipenyo: 784 kwa 900. Maana yake kwa nguvu ileile ya kusukuma pleti, mkono wako unatumia pungufu ya asilimia 13 hivi. Hakuna cha bure lakini. Mafuta yanayotoka masta ya juu ni yaleyale, sasa yanajaza silinda pana zaidi, kwa hiyo pistoni inatembea pungufu kwa asilimia hizohizo 13. Kama mfumo una upepo kidogo, au pleti zimepinda, ule mwendo uliopungua ndio uliokuwa unakuokoa, na utajikuta na liva laini na klachi isiyoachia. Ndiyo maana silipendi wazo la kununua kubwa kuliko zote kwenye orodha. Mm 30 kwangu imetosha. Zaidi ya hapo ningebadilisha na masta ya juu pia.

Pamoja nayo niliagiza paipu yenye wavu wa chuma nje na tefloni ndani, badala ya ile ya raba ya zamani ambayo ukibana liva inatuna. Hapa kuna mtego. Bolti ya banjo, ile yenye tundu la kupitisha mafuta inayofunga paipu, ni ya mm 10, lakini nyuzi zake ziko za aina mbili, hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya mm 1.0 na hatua ya mm 1.25. Pikipiki nyingi za Kijapani zinatumia 1.25, vifaa vingi vya Kiitaliano 1.0. Kwa macho zinafanana. Ukiilazimisha isiyo yake itaingia mizunguko miwili, kisha itakula nyuzi za silinda mpya. Kwenye boksi langu bolti sahihi haikuwemo, na karatasi ya maelekezo ilikuwa picha chache zisizosomeka. Kwa kifaa cha bei hii hilo limeniudhi. Washa za kopa zilikuwepo mbili tu, nikaongeza zangu, maana washa ya kopa ukishaikaza ukaifungua usiirudishe.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya bolti tatu. Osha eneo lote kwanza, kava likiwa limetoka, mpaka usione grisi, kwa sababu punje moja ya mchanga kwenye raba mpya inaharibu kila kitu. Ile fimbo ya kusukuma inayotoka kwenye injini ina sili yake. Ikiwa na oili, badilisha sasa hivi, la sivyo oili ya injini itaingia nyuma ya pistoni na kuharibu raba ambazo hazikutengenezwa kwa oili. Na silinda ikiwa nje, mtu asiguse liva, pistoni itaruka. Bolti zetu ni za mm 6, tukazikaza kwa toki renchi nyutoni mita 10. Ukizidisha hapo unakata nyuzi kwenye aluminiamu ya injini.

Kinachowashinda wengi ni kutoa upepo. Kwenye gari fundi anapampu juu na kufungua chini, na kwenye Canter inatosha. Kwenye pikipiki paipu inapanda hadi usukani, inapinda, halafu inaingia masta ya juu, na pale inapofungwa kwa bolti ya banjo kunabaki kiputo cha hewa ambacho hakitaki kushuka, kwa sababu hewa asili yake ni kupanda. Kila ukipampu, kiputo kinashuka kidogo, ukiachia kinarudi. Tulipampu kwa njia ya kawaida na liva ikabaki kama sponji. Dawa ni kugeuza mwelekeo: chukua bomba la sindano la hospitali, lile kubwa, lijaze mafuta mapya, liunganishe kwa mpira mwembamba kwenye kibolti cha kutolea upepo cha chini, kisha sukuma mafuta yapande polepole. Utaona mapovu yakitoka kwenye kikopo cha juu. Mtu mmoja asukume, mwingine anyonye mafuta kikoponi yasifurike. Baada ya hapo tukageuza usukani mpaka banjo ikawa ndiyo sehemu ya juu kabisa, tukalegeza bolti yake kidogo tukiwa tumeizungushia kitambaa, tukaibana liva taratibu, hewa ikatoka kwa sauti ndogo, tukakaza. Liva tukaifunga kwa kamba ikiwa imebanwa nusu, ikalala hivyo hadi asubuhi. Ilipofunguliwa ilikuwa ngumu pale inapotakiwa kuwa ngumu. Weka ndoo ya maji karibu muda wote. Tone likidondoka kwenye tangi, mwagia maji papo hapo, usifute kwa kitambaa kikavu.

Matokeo sasa. Uzito wa liva umepungua, lakini kwa siku ya kawaida hutashangaa. Kilichobadilika hasa ni uthabiti. Klachi inashika mahali palepale asubuhi, mchana na baada ya saa nzima ya foleni. Nyutro inaingia pikipiki ikiwa imesimama. Nimepanda nayo Kitonga nikiwa nyuma ya malori yanayotambaa, kuachia na kubana, kuachia na kubana, na mkono haukupaswa kuwaza. Kwenye kona za kutoka Mombo kwenda Lushoto, ambako unashuka gia ukiwa umeinama, ndiko nilikofurahi kuliko kote, maana zamani kabla ya kila kona nilikuwa napampu kwanza.

Kisichobadilika: klachi bado inatetemeka kidogo injini ikiwa ya baridi. Hiyo ni ya pleti, na silinda haihusiki. Rangi nyekundu ya kifaa imeanza kupauka upande wa cheni. Na paipu ya chuma, nikiwa mkweli, sikuhisi mchango wake peke yake. Kama bajeti ni ya kitu kimoja, nunua masta ya chini, paipu isubiri mpaka ile ya raba ianze kupasuka.

Kuhusu bei, silinda ilinigharimu karibu laki nne kabla ya usafiri na ushuru, na hivyo viwili viliongeza kiasi ambacho muuzaji hakunitajia. Silinda ya kiwandani ningeipata kwa bei isiyo mbali na hiyo, ikiwa na raba yake moja ileile, kwa hiyo sioni sababu ya kuirudia.

Onyo moja kwa mwenye pikipiki ya Ulaya. Soma maandishi ya kwenye mfuniko wa kikopo kabla hujamimina chochote. Baadhi zinatumia mafuta ya madini, siyo DOT 4, na raba za mfumo mmoja zinavimba au kuoza kwenye mafuta ya mwingine. Fundi akikwambia mafuta ya breki yote ni mamoja, chukua chupa mkononi mwake. Mimi natumia DOT 4 kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyohiyo, nabadilisha yote mara moja kwa mwaka kabla ya masika, na seti ya raba mbili za akiba iko chini ya kiti pamoja na lile bomba la sindano.