Kadi nzuri, draiva ya hovyo, na jamaa wa simu asiyesikia la mtu

Nianze na huyu jamaa wa huduma kwa wateja wa kampuni iliyoniuzia kadi hii, maana kanichefua kuliko hata draiva yao, yaani ile programu inayoiunganisha kadi na kompyuta. Namweleza kwamba kadi ya kusomea mzani inanionyesha uzito wa robota lililokwisha kushushwa, anajibu: "Kaka, huko Tanga chumvi ya bahari imeshaingia kwenye bodi." Chumvi! Mzani uko ndani ya ghala la mkonge, si kwenye ngalawa.

Nikamtumia picha ya data. Sampuli (vipimo vya uzito) 32 za zamani zimepangana, kisha mpya, kisha 32 nyingine za zamani. Kila sampuli ni baiti 2, kwa hiyo kipande ni baiti 64, sawasawa na mstari mmoja wa kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ambamo prosesa huweka nakala za data) kwenye Cortex-A53, prosesa ya bodi yangu. Chumvi gani hiyo inayojua kuhesabu? Halafu nikiweka amri ya kuchapisha namba kwenye skrini, uzito unakaa sawa. Nikiitoa, robota la kilo 250 linasomeka sifuri.

"Basi weka volatile." Jamani! Volatile ni neno la kwenye kodi, linaifunga mikono kompaila tu (ile inayotafsiri kodi kuwa programu), isikwepe kusoma kumbukumbu. Kashe haina habari nayo. Kadi inaandika moja kwa moja kwenye RAM bila kupitia prosesa, ndiyo DMA hiyo, na prosesa inaendelea kusoma nakala yake ya kale. "Mbona kwenye laptop yetu inafanya kazi?" Laptop yenu ni ya Intel, bwana, huko maunzi yenyewe yanailinganisha kashe na DMA. Bodi yangu ya ARM haifanyi hivyo, na tangazo lenu limeandikwa ARM kwa herufi kubwa. Tiki zikawa bluu, kimya mpaka leo.

Nikafungua draiva mwenyewe usiku. Bafa, yaani sehemu ya RAM ambamo kadi inaandika, imeombwa kama kumbukumbu ya kawaida, ikapelekwa kwa programu ikiwa na kashe yake yote. Nikaweka dma_alloc_coherent na dma_mmap_coherent, amri za Linux za kuomba bafa ambayo kadi na prosesa wanaiona sawa na kuipa programu, mzani ukatulia papo hapo.

Nilikusudia kuwapa nyota moja. Ila niseme kweli, kadi yenyewe haitetereki: ghala lina vumbi la mkonge na umeme wa kukatikakatika, namba zimetulia tuli. Basi tatu. Hapana, mbili, nikiikumbuka ile sauti yake. Kuna mwenzangu wa Muheza anaitaka. Nimemwambia anunue tu, draiva achukue kwangu, na wale asiwapigie simu kabisa.