"Kwani wewe fundi?" Uzoefu wangu na msumeno wa umeme wa bei nafuu, Mtwara

Naanza na hukumu ili mwenye haraka asimalize bando lake bure: usinunue. Huko mbele huenda nikalegeza kidogo, najijua, lakini kwa sasa nikiikumbuka tu ile kaunta damu inachemka. Kwa hiyo shika hilo kwanza.

Ni msumeno wa duara, ule wa kushika mkononi, wa Kichina, ambao kila duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini wanao wa rangi hii au ile. Wati zake zimeandikwa kwenye boksi, kasome mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa hesabu, seremala sijawahi kuwa. Nilitaka kitu cha kazi za Jumamosi: shelfu za vitabu, mlango wa banda la kuku, meza ya mtoto kusomea. Kwa kazi hizo kununua mashine ya laki nne, tano ni kujionyesha kwa majirani, na kumwita fundi kila ukitaka kukata ubao mmoja ni kumlipa nauli aje kunywa chai. Nikachukua ya laki na kitu.

Dukani waliipima. Mnajua kupima kwetu kulivyo. Kijana anachomeka waya, anabonyeza, mashine inalia vuuu, anazima, anagonga muhuri kwenye risiti. "Ipo fresh, mwalimu." Walichopima ni kelele. Bledi yenyewe ilikuwa bado kwenye nailoni yake, na hakuna aliyejali kuigeuza ile mashine aitazame chini.

Sasa nisikilizeni, maana kisa chote kiko hapo chini. Msumeno huu unatelezea juu ya mbao kwa bati moja pana, wengine wanaita sahani. Lile bati ndilo linaloamua bledi isimame wima au ilale, iende sambamba na mstari wako au iende upande. Mota ikiwa na nguvu za farasi na bati likiwa limepinda, umenunua fujo yenye waya.

Ubao wangu wa kwanza ulikuwa paini ya Mafinga, moja kwa nane, laini kabisa, hata msumeno wa mkono ungeukata huku unapiga soga. Nikachora mstari, nikaegemeza ubao vizuri kwa namna ya kukiacha kile kipande cha kukatika kianguke chenyewe, nikawasha. Ikaingia vizuri. Kabla ya kufika katikati sauti ikabadilika, ikawa nzito, ya kukoroma. Moshi. Halafu ikaruka kunirudia kifuani kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Nikaachia swichi, na kinga ya chini, kile kifuniko cha bledi, ikajifunga palepale (hili nalisifia, kinga yake ni nzuri, inarudi kwa kishindo). Ukingo wa mbao ulikuwa mweusi tii upande mmoja, na weusi wenyewe haukuwa wa kutawanyika, ulikuwa wa mistari mistari ya upinde, mmoja juu ya mwingine, kila jino limeacha saini yake.

Nikachomoa waya ukutani. Nikaiweka mashine juu ya meza yenye kioo. Tik, tak. Ukibonyeza kona hii, kona ile inanyanyuka, na sarafu ya mia mbili ikapita chini yake bila kugusa. Nikaleta guni, kile kipimo cha pembe ya tisini, nikaisimamisha kati ya bati na bledi, mshale wa kulaza bledi ukiwa kwenye sifuri: mwanga ukapita. Nikapima kutoka ukingo wa bati hadi bledi kwa mbele, kisha kwa nyuma. Vipimo viwili tofauti, na tofauti si ya unywele. Maana yake mbele ya bledi inafungua njia, nyuma ya bledi inakwangua ukuta wa njia hiyohiyo. Ndiyo inaunguza, na ndiyo inabanwa na kuruka. Hilo si suala la mkono wa mtumiaji. Hata ungempa seremala aliyezaliwa juu ya gogo la mninga, ingemrukia.

Nikairudisha dukani na boksi lake, nailoni yake, risiti yake ya EFD. Ilikuwa kipindi cha pesa za korosho, duka limejaa, watu wananunua bati za kuezekea na saruji, kelele tupu. Nikasubiri zamu yangu kwa adabu. Ukutani pale kuna karatasi: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Herufi kubwa, na moyo mmoja wa kuchora pembeni, sijui wa nini.

Kijana ni yuleyule. Nilimwambia nimeleta mashine, bati limepinda.

"Mwalimu, si tuliipima hapa?"

"Mlipima mota. Mimi nasema bati."

"Bati gani tena?" Akaigeuza, akaitazama kwa jicho moja huku simu iko mkono wa pili. "Mbona limenyooka."

Nikaichukua, nikaiweka juu ya kioo cha kaunta. Tik, tak. Mama mmoja aliyekuwa anapimiwa misumari akasema mwenyewe, bila kuulizwa, "Hiyo inacheza hiyo."

Kijana akatazama kaunta, akatazama mashine. "Kaunta ndiyo imepinda."

Ndugu zangu, nimefundisha darasa la vijana themanini saa nane mchana wa joto la Mtwara, feni imekufa, nusu wamelala. Nimepewa visingizio vya kila namna kuhusu daftari lililopotea. Lakini kaunta imepinda! Kioo! Nikatoa guni mfukoni, nikamwonyesha ile pembe, nikamweleza polepole kwamba hapa inatakiwa tisini na hapa hakuna tisini. Akacheka. Siyo kicheko cha aibu, cha kunicheka. "Mwalimu, mbao haijui pembe." Halafu, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wabeba saruji: "Mafundi wote wa mji huu wananunua hapa, hajarudisha hata mmoja. Kwani wewe fundi?"

Sikujibu. Nikamwonyesha palipoandikwa kwenye boksi kwamba ina waranti ya mwaka mmoja.

"Hiyo ni ya kiwandani, siyo ya dukani."

"Kiwanda kiko wapi?"

"China."

"Kwa hiyo niende China?"

"Wewe tu, mwalimu."

Mwenye duka yuko pale nyuma, anakula, anasikia kila neno, hakuinua kichwa. Na kijana, akidhani ananisaidia, akanishauri ninunue grenda kwake, ile ya kukatia vyuma, nifunge bledi ya mbao, "inakata kila kitu". Hapo ndipo nilipoona kwamba ujinga wake si wa kuniumiza mimi peke yangu. Grenda ndogo inazunguka kama mara elfu 11 kwa dakika, msumeno huu hauzidi sana elfu 5, na grenda haina ile kinga ya kujifunga wala bati la kuegemea. Ikinasa kwenye mbao inakwenda inakotaka, na mara nyingi inataka mkono au uso. Najua mafundi wengi wanafanya hivyo. Najua pia kwa nini baadhi yao wanahesabu vidole na hawafiki kumi. Duka linalouza ushauri huo pamoja na mashine lingestahili kufungwa kabla ya saa ya adhuhuri.

Mpwa wangu anayesoma sheria aliniambia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iko upande wangu: ukimweleza muuza bidhaa za aina hiyo kazi unayoitakia, naye akakuuzia, bidhaa inatakiwa iifae kazi hiyo, na karatasi yenye moyo ukutani haiifuti sheria kienyeji namna hiyo. Sawa. Lakini kesi ya laki na kitu utaimaliza kwa nauli na ruhusa za kazini. Nikabeba boksi langu.

Sasa hapa ndipo hukumu inapoanza kuniponyoka, nami nitasema kweli yote hata kama inamfurahisha yule kijana.

Kuna mzee seremala jirani yangu, anatengeneza milango na vitanda vya mkongo chini ya mwembe. Nilimpelekea nikiwa bado nafoka. Akaniacha nimalize. "Sasa mjomba, tuitazame mashine, matusi tutayarudia baadaye." Akafungua boliti, akalitoa bati lote, akalilaza juu ya gogo la mninga lililorandwa, akaligonga kwa nyundo ya mbao, si kwa nguvu, tok, tok, akiligeuza na kulichungulia dhidi ya mwanga. Alipolirudisha akalegeza boliti mbili za nyuma, akasogeza kidogo, akapima mbele na nyuma kwa futi, akakaza. Guni ikakaa bila mwanga kupita. Kisha akasema neno lililonikera kwa sababu ni kweli: "Mashine haina kosa. Bati lake laini, huko njiani limebanwa na mizigo."

Tangu hapo inakata. Nisiwe mchoyo wa neno: inakata vizuri. Paini inapita, plaiwudi inapita, hata kipande cha mkongo alichonipa mzee tukijaribu ilipita, japo kwa kukokota, na ukiisukuma inanuna. Kaboni za mota, vile vipande vinavyoipelekea umeme na kuisha kwa kusuguana, zina vifuniko vya nje, unafungua kwa bisibisi, unabadilisha mwenyewe. Hiyo kwa mashine ya bei hii ni neema. Shelfu zimesimama. Mlango wa banda unafunga. Kwa hiyo ile "usinunue" ya juu pale isomeke "usinunue kwa macho yaliyofumba".

Bledi inayokuja nayo, hapana. Meno yake 24, ni ya kupasua mbao kwa urefu, ukikatia plaiwudi inachana uso wote. Unaweza kupunguza madhara kwa kuulaza uso mzuri chini, kwa sababu meno ya msumeno huu yanapanda kutoka chini kwenda juu, yanachana pale yanapotokea. Na ishushe bledi kiasi cha kuchungulia tu chini ya ubao, isining'inie yote. Dawa hasa ni bledi ya meno 40. Nimezunguka mjini sijaipata ya saizi yangu, nikaagiza Dar es Salaam kwa basi. Gesi yetu inatoka hapa kwenda Dar kwa bomba, kilomita zaidi ya 500, haisimami hata kunywa maji. Bledi moja kuja huku inapanda basi, inabadilisha mikono, na konda anataka chake.

Lakini bado nikilipita lile duka moyo unakunja ngumi. Maana mzee alilinyoosha bati kwa soda moja na maongezi. Soda! Duka zima, lenye nyundo za kila saizi ukutani, lingeshindwa? Au lingefungua boksi jingine, tukaweka juu ya kioo, nikaondoka nawasifia mtaa mzima. Waliona heri wanicheke. Hapo narudi nilikoanza, usinunue... ila kosa la duka nimbebeshe msumeno?

Basi nunua. Si pale, kama una pa kwenda. Na kama ni pale tu ndiyo zipo, nenda asubuhi kabla hawajachoka, beba guni yako, waambie wafungue maboksi yote yaliyoko rafuni, na uziweke moja moja juu ya kile kioo chao, waya umechomolewa. Pima mbele ya bledi, pima nyuma. Wakinuna waache wanune. Isiyocheza, lipia. Zikicheza zote, hela yako irudi mfukoni, na kijana akikuuliza kama wewe ni fundi, mwambie ndiyo.