Seti ya kuziba pancha ya Gerezani: inaweza nini, haiwezi nini

Ile seti ndogo ya kuziba pancha inayouzwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam, na kutembezwa na vijana kwenye foleni, ni kifaa kizuri kwa tairi lisilo na tyubu. Ila inanunuliwa kwa matumaini makubwa kuliko uwezo wake. Kazi yake ni kukutoa barabarani na kukufikisha kwa fundi bila kushusha tairi la spea. Anayeiacha ile kamba yake ya kuzibia tundu ndani ya tairi mwaka mzima ameitumia vibaya.

Ndani ya boksi utakuta vitu vinne: tupa ya mviringo yenye meno, sindano nene yenye jicho lililopasuka kwa mbele, kamba za mpira zenye gundi (mara nyingi tano, za rangi ya kahawia au nyeusi), na kijitubu cha gundi. Kagua mpini kabla ya kulipa. Kusukuma tupa kwenye tairi lenye waya za chuma kunahitaji uzito wa mwili, na mpini wa plastiki hukatika hapo hapo, tena unaweza kukuchana kiganja. Chukua seti yenye mpini wa chuma wa umbo la T, hata kama bei imezidi. Bonyeza kamba nayo: ikiwa laini na inanata kidoleni, ni nzima. Ikiwa ngumu kama kamba ya kiatu, imekaa juani sana, iache.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba mara nyingi hauhitaji jeki. Msumari ukiwa tairi la mbele, kata usukani mpaka uso wa tairi utokeze nje. Ukiwa nyuma, sogeza gari taratibu mpaka msumari ufike mahali mkono unapoingia. Kwenye Barabara ya Mandela, malori ya bandarini yakipita karibu, kutopandisha gari kwa jeki ni usalama mkubwa. Vuta breki ya mkono, weka jiwe kwenye gurudumu jingine na pembetatu ya tahadhari nyuma ya gari.

Usiharakie kung'oa msumari. Kama bado kuna upepo, acha ubaki, maana tairi lililolala hubonyea na sindano haiingii. Angalia kwanza msumari umeingia kwa mlalo gani, kisha ung'oe kwa plaizi na uingize tupa kwa mlalo ule ule. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaisimamisha tupa wima wakati tundu limelala, wanatoboa tundu la pili na kukata waya ambazo msumari haukuzigusa. Isugue mbele na nyuma kama mara 10 mpaka iteleze. Kuruka hatua hii ndiko kunakofanya sindano igome katikati na kamba ikatike.

Pitisha kamba kwenye jicho, nusu huku nusu huku, ipake gundi, kisha sukuma mpaka ncha zibaki nje kama sentimita moja na nusu. Ukizidisha, kamba yote hudondokea ndani. Chomoa sindano kwa mvuto mmoja wa haraka, ulionyooka, bila kuizungusha, kisha kata mabaki bila kuyavuta. Jaza upepo na upake povu la sabuni. Mapovu yakitoka, chomeka kamba ya pili pembeni ya ile ya kwanza. Zikihitajika tatu, tundu hilo limeizidi seti.

Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Kwa magari mengi ya Japani imeandikwa kwa kipimo cha kPa: 220 ni sawa na upepo wa 32 kwa PSI. Pima tairi likiwa limepoa, si baada ya kutoka Mbagala hadi Mwenge jua la saa saba.

Sasa udhaifu wake. Seti hii haifai ubavuni mwa tairi wala kwenye kona ambapo ubavu unaanzia, kwa sababu sehemu hizo hujikunja kila gurudumu linapozunguka na kamba hutapikwa. Haifai pia tundu lililozidi milimita 6. Na kubwa kuliko yote, haioni ndani. Tairi lililoendeshwa bila upepo, hata kwa mwendo mfupi, husagika kwa ndani na kuacha unga mweusi kama masizi. Kwa nje linaonekana zima. Ukiliziba na kulijaza, siku moja litapasuka ubavu ukiwa kwenye mwendo. Tena kamba haizibi vizuri ngozi ya ndani kabisa, hivyo masika maji hupenya kwenye tundu, yakazifikia waya na kuzila kwa kutu.

Kwa hiyo ukifika kwa fundi pancha, mwambie alitoe tairi kwenye rimu. Wapo watakaotaka kuchomeka kamba nyingine kwa nje na kukutoza. Hiyo ungeifanya mwenyewe. Kazi kamili ni kiraka cha ndani chenye shina, kile cha umbo la uyoga: shina linajaza tundu, kofia inaziba ngozi. Asugue eneo, alifute vumbi, apake gundi na aiache ikauke mpaka inate bila kulowesha kidole, ndipo abandike na kukandamiza kwa kigurudumu kuanzia katikati kwenda pembeni. Kiraka kilichobandikwa kwenye gundi mbichi hubanduka kwa joto la lami. Patana bei kabla hajaanza, na uulize kama balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, imo. Kabla ya kulifunga tairi, lizamishwe kwenye maji lote, pamoja na valvu na ukingo wa rimu, kwa sababu rimu yenye kutu huvujisha taratibu na pancha ikasingiziwa bure.

Kamba zilizobaki zifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, na usiziweke juu ya dashibodi. Gundi ikishafunguliwa hukauka ndani ya tubu yake, basi nunua tubu nyingine pamoja na seti.