Kipimo cha haraka cha malaria: mstari wa C hausemi mnachodhani

Kwenye meza yangu pana hadubini na pana boksi la kaseti 25 za kipimo cha haraka, na foleni ikiwa ndefu mkono huenda kwenye boksi. Nimezitumia miaka 11, za kampuni mbalimbali. Bidhaa ni nzuri, ila wanaoisoma vibaya ni wengi, wakiwemo wa fani yangu: wakiona mstari wa C, ule wa uthibiti, wanadhani damu imepimwa sawasawa.

Ukichana pakiti, tazama kwanza kile kifuko cha kufyonza unyevu. Kama ni cha kubadilika rangi na kimeshabadilika, tupa kaseti. Halafu choma kidole, chukua mikrolita 5 za damu, tone dogo kuliko punje ya mtama, weka kwenye kidirisha chake, dondosha bafa, yaani kile kimiminika cha kuisukuma damu, washa saa. Nyingi zinataka dakika 15 au 20. Mwenye haraka husoma ya tano, na mstari hafifu wa T, ule unaoonyesha malaria, unampita.

Kinachonifurahisha mimi ni rangi. Ule wekundu wa mistari si damu wala wino. Ni chembe za dhahabu, ndogo mno, zimebebeshwa kingamwili zinazokamata HRP2, protini ambayo kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, huimwaga kwenye damu ya mgonjwa. Kingamwili hizo ni pacha watupu, zote zinashika mahali palepale. Hapo humkumbuka César Milstein, mzaliwa wa Bahía Blanca, Argentina, aliyefanya kazi kwenye maabara ya baiolojia ya molekuli kule Cambridge. Mwaka 1975 yeye na Georges Köhler walichukua seli za wengu wa panya aliyechanjwa, wakaziunganisha na seli za saratani. Seli ya wengu inajua kutengeneza kingamwili moja, lakini nje ya mwili haidumu. Ile ya saratani haichoki kuzaliana. Mtoto wao akarithi yote mawili. Njia yenyewe haikuwekewa hataza, na mwaka 1984 wakapewa Nobeli pamoja na Niels Jerne. Watafiti hupimwa kwa mara ngapi makala zao zimenukuliwa. Mchango wa Milstein mimi naukuta kila jioni kwenye ndoo ya taka.

Na panya bado yumo humo. Mstari wa C, katika kaseti nyingi, ni kingamwili ya mnyama mwingine, mara nyingi mbuzi, iliyotegwa pale kuikamata kingamwili ya panya iliyobeba dhahabu. Kwa hiyo C hutokea hata usipoweka damu! Inakuambia tu kwamba bafa imepita na dhahabu imefika. Nilimwonyesha mwanafunzi wa mazoezi: bafa peke yake, C hiyo, nyekundu kabisa. Alinyamaza, halafu akaniuliza, "Sasa za jana nilizosoma?" Tukawaita wawili tukawapima upya.

Malalamiko ninayo. Boksi moja lilikuja na kichupa cha bafa kilichokauka tukiwa kwenye kaseti ya 19. Mwenzangu akataka kuazima bafa ya kampuni nyingine, nikamkatalia. Bafa ngeni, au maji, huweza kuleta T ya uongo. Kaseti sita zikakaa bure.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kingamwili iliyofundishwa kitu kimoja haijui cha pili. Viko vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2. Taarifa zake zilianzia Peru mwaka 2010, na Eritrea walivikuta vingi hadi wakabadilisha vipimo mwaka 2016. Mgonjwa wa namna hiyo anatetemeka mbele yako na T haipo. Upande wa pili, HRP2 hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, hivyo aliyemaliza dozi juzi bado atatoka na T. Usikimbilie kumpa dawa tena. Tengeneza slaidi, kaa chini, tazama. Mimi humuuliza kila mtu kama ametumia dawa mwezi huu kabla hata sijavaa glavu, na jibu nalisikiliza kuliko mstari.

Nitaendelea kuziagiza. Boksi lijalo nataka zenye mistari miwili ya kupimia, wa HRP2 na wa pLDH, protini nyingine ya vimelea, ambayo hutoweka mapema vimelea vikifa. Na vichupa viwili vya bafa, tafadhali.