Kahawa chungu nyuma ya Ngome ya Lamu

Mahali hapa hapana kibao wala meza. Ni mabaraza mawili ya mawe yanayotazamana katika uchochoro ulio nyuma ya Ngome ya Lamu, jengo lililokamilika mwaka 1821 na kutumika kama jela hadi 1984, na kando yake hukaa muuzaji na dele lake la shaba juu ya makaa. Sisi marafiki wanne, tuliosoma chuo kimoja cha Kurani utotoni, hukutana hapo kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri.

Kahawa ni chungu, imetiwa tangawizi na iliki kwa kipimo cha mtu anayejua kazi yake, nayo huja katika vikombe vidogo visivyo na mkono, ambavyo huna budi kuvishika kwa ncha za vidole. Naamini udogo huo ndio unaorefusha mazungumzo, kwa kuwa kila vikombe vikiisha hutokea mmoja wetu akaagiza vingine, na habari iliyokatika ikaungwa upya. Mwenzetu aliyefiwa na mkewe mwaka jana alikuwa akikaa kimya majuma mazima; Ijumaa iliyopita alimshinda kijana mmoja katika mchezo wa bao, akamtania mpaka muuzaji akasahau kuchochea makaa.

Halua ya hapo ni nzuri ila vipande ni vidogo kuliko bei. Vikombe huoshwa katika ndoo moja isiyobadilishwa maji mara kwa mara, hivyo mimi huja na changu, jambo ambalo wenzangu hawachoki kulicheka. Punda wakipita na mizigo, kunjeni miguu.