Bethidei ya baharini Mbudya: uzoefu wangu

Mwanangu katimiza miaka 13, na alinitahadharisha mapema: hataki MC, hataki maputo, na kasri la kurukia nisilitaje kabisa. Nikachukua huduma ya vijana wanaoandaa bethidei za baharini. Wanatoa boti kutoka Kunduchi, Dar es Salaam, hadi kisiwa cha Mbudya, miwani ya kuzamia, na mwongozaji anayeingia majini pamoja na watoto.

Huyo mwongozaji peke yake anatosha kunirudisha. Kabla ya kuondoka alimvalisha kila mtoto jaketi la kuokolea na kukaza mikanda kwa mkono wake, hata yule binti aliyejigamba kwamba yeye ni samaki. Kisiwani akawagawa wawili wawili: wakatafute viumbe chini ya maji, warudi wamsimulie walichoona, marufuku kushika wala kuokota. Mbudya ni eneo tengefu la bahari tangu 1975, kwa hiyo kombe na matumbawe huachwa palepale. Basi wakarudi wanabishana, mmoja anaapa kaona kiti cha pweza chenye mikono sita, mwenzake anamwambia hajui kuhesabu. Na hawa ndio watoto ambao nyumbani hawainui uso kwenye simu! Shokishoki wa baharini nao wapo, wale wenye miiba mirefu myeusi, hivyo yeboyebo ni lazima.

Keki ilikatwa chini ya kibanda cha makuti. Ikaja zamu ya kummwagia maji mwenye siku yake, lakini utammwagia nini mtu aliyelowa tangu asubuhi? Wakambeba mzobemzobe wakamtupa baharini.

Kasoro zipo. Miwani mingi ilikuwa ya watu wazima, maji yakawa yanawaingia puani. Boti ilichelewa na siku yenyewe ilikuwa ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, kwa hiyo yalikupwa sana na muda wa kuzamia ukapungua. Kilichonikera zaidi ni ada ya kuingia hifadhini: haikuwamo kwenye bei, na niliambiwa tukiwa tayari ufukweni.

Samaki wa kuchoma na chipsi vinapatikana kisiwani. Agizeni mkishuka tu, maana njaa ya mtoto aliyetoka majini haisubiri mkaa ushike.

Kwa jumla nililipa karibu sawa na kukodi ukumbi na spika. Nyota 4 kati ya 5. Wifi yangu ameshaniomba namba yao kwa ajili ya mapacha wake. Nimempa, nikamwambia aanze kwa kuulizia ada na saa ya maji kujaa.